Kumbukumbu ya ndoa mjini, watoto wamebaki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka tarehe yetu inapokaribia, mimi na mume wangu huwaacha watoto watatu na mtu tunayemwamini, tukaenda kulala mjini. Mara ya kwanza tulifanya kwa kubahatisha. Ndugu na wafanyakazi wenzetu wakasikia, wakaanza kuuliza, na nikagundua wote wanauliza yale yale. Nimeyapanga hapa, mepesi kwanza, yenye kona mwishoni. Nikikuelekeza kwenye swali jingine, ujue sipendi kusema jambo mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini mjini, na si mahali pa mbali penye mandhari?

Umbali ndio sababu. Safari ya saa nne kwenda ni saa nane kwenda na kurudi, na ukiwa umepewa saa ishirini na nne tu, theluthi yake imeishia barabarani. Mjini mnaweka mabegi na kutoka kwa miguu. Mkichoka, kitanda kiko dakika kumi nyuma yenu. Mtoto akipandwa na homa usiku, mnafika nyumbani haraka, na kulijua hilo kunaleta usingizi kuliko godoro lolote la hoteli.

Mji huo unaweza kuwa ule ule mnaoishi. Kama mzazi unaujua kwa zahanati zake, duka la sare za shule na njia isiyo na foleni asubuhi. Hebu utembee saa tatu usiku ukiwa huna begi la nepi begani, uone kama ni mji ule ule.

2. Usiku mmoja unatosha?

Kwa mara ya kwanza, ndiyo, tena ndio ninaoupendekeza. Unatosha kujua kama watoto wanalala bila nyinyi na kama nyinyi mnalala bila wao. Nikipewa chaguo siku hizi nachukua siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza mwili bado uko kazini. Kupumzika kwenyewe huanza asubuhi ya pili.

3. Lazima iwe tarehe yenyewe ya ndoa?

Hapana. Anayechagua tarehe ni yule atakayebaki na watoto. Muulize yeye kwanza, hoteli baadaye. Sisi tumewahi kuadhimisha wiki tano baada ya siku yenyewe, na hakuna aliyekuja kutudai cheti cha ndoa. Tarehe yenyewe ipite nyumbani kwa kikombe cha chai watoto wakishalala.

4. Vipi kuhusu mwaka wa fedha, wa dhahabu na wa almasi? Tusubiri hiyo?

Fedha ni miaka 25, dhahabu ni 50. Almasi hutajwa kwa 60 na pia kwa 75. Malkia Victoria wa Uingereza alipoadhimisha miaka 60 ya utawala wake mwaka 1897 kwa jina la jubilei ya almasi, 60 ikazidi kuzoeleka. Iko pia orodha ndefu zaidi, karatasi kwa mwaka wa 1, mbao kwa wa 5, bati kwa wa 10, na haifanani kila nchi.

Msisubiri. Kwenye mwaka wa 25 watoto wenu pengine watakuwa wakubwa wa kuwapikia nyinyi. Mwaka unaohitaji usiku mmoja wa utulivu ni ule wa nne au wa sita, ambao hakuna anayeutengenezea keki, na ndani ya nyumba kuna mtu anayeamka mara mbili usiku.

5. Si ubinafsi kuwaacha watoto tukastarehe?

Swali hili huulizwa na akina mama mara nyingi zaidi kuliko akina baba, nami nimechoka kulijibu kwa upole. Mtoto aliyebaki na mtu anayempenda, ameshiba na amelala kwake, hajatupwa. Kama kinachokusumbua ni umri wake, soma swali la 6. Kama ni mwenzako ndiye asiyetaka, soma la 22.

## Watoto na anayebaki nao

6. Mtoto awe na umri gani ndipo tuweze kumwacha usiku?

Hakuna umri uliowekwa, lakini kuna mambo ya kujua. Kuanzia miezi 8 hivi watoto wengi huanza kulia mzazi akiondoka, hali hiyo hupanda hadi karibu mwaka mmoja na nusu, kisha hupungua taratibu kuelekea miaka 2 au 3. Ndiyo maana wa miezi mitano anaweza kukuaga bila habari, na wa mwaka mmoja akalia kama umemuuza. Kilio hicho hakimaanishi kuna kosa. Ameshajua kwamba ukitoka machoni pake bado upo mahali fulani, naye anakutaka urudi.

Kuliko umri, tazama kama amewahi kulazwa na huyo mtu. Fanyeni jaribio wiki chache kabla: mlezi aje, amwogeshe, amlaze, nyinyi mkae chumba kingine au mtoke saa mbili tu. Jaribio la kwanza liwe huko nyuma, lisiwe usiku wa safari.

7. Nani abaki nao?

Aliyewahi kumlaza na kumwamsha mtoto huyo. Sifa nyingine zote zinafuata. Shangazi mcheshi anayekuja mara mbili kwa mwaka ni mzuri kwa mchana, lakini saa nane za usiku mtoto anahitaji sauti anayoijua.

Ikiwezekana mlezi aje kwenu, watoto wasihamishwe. Kitanda chao, taa yao, choo wanachokijua gizani. Na kama ni bibi na babu, ulizeni kwa dhati kama nguvu zipo. Wengi hawatasema hapana kwa mtoto wao mwenyewe. Mama mkwe wangu alikubali kwa furaha, na nilimwuliza mara tatu kabla hajaniambia, "Mwanangu, wawili nawaweza. Huyu mdogo mgongo wangu haumbebi." Tukampata mdogo wa mume wangu aje alale naye hapo, mambo yakaenda.

Anayelipwa alipwe na ya usiku, si ya mchana peke yake. Asiyelipwa akute chakula kimeshapikwa na nguo za watoto zimeshapangwa.

8. Tumwachie maelezo gani?

Hapa ndipo safari inapopona au kuharibika, kwa hiyo nitachukua nafasi. Andika ukurasa mmoja, kwa mkono au kwa kompyuta, ubandike kwenye mlango wa friji. Usiutume kwa simu tu, maana simu huzima chaji, na kurasa tatu hakuna atakayezisoma.

Juu kabisa ziwe namba: zenu zote mbili, ya hoteli pamoja na jina mlilobukia, ya jirani mmoja anayeweza kufika kwa miguu, ya daktari au kituo cha afya, na ya dharura ya nchi yenu. Chini yake andika anwani ya nyumba. Unacheka, lakini mtu aliyepaniki akiulizwa na gari la wagonjwa yuko wapi, husahau hata jina la mtaa.

Kisha dawa. Kwa kila mtoto andika uzito wake, dawa ya homa mliyonayo, mililita ngapi kwa uzito huo kama ilivyo kwenye chupa au alivyosema daktari, na nafasi kati ya dozi. Parasetamoli haitolewi kabla ya saa 4 kupita, wala zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24. Acha kalamu pale pale ili kila dozi iandikwe saa iliyotolewa, hasa kama wanaobaki ni watu wawili. Aspirini usiiache karibu; si dawa ya watoto. Andika mzio, hata kama unadhani kila mtu anaujua.

Kama kuna mtoto mchanga, andika mambo mawili ambayo waliotulea sisi hawakufundishwa hivyo: alazwe chali, peke yake, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi mazito, na asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulamba. Msilifanye kuwa somo. Sema, "Daktari ametuambia hivi," kisha mpite.

Andika pia barua fupi yenye sahihi zenu inayomruhusu mlezi kumpeleka mtoto hospitali na kukubali matibabu ya haraka, uiweke pamoja na kadi ya bima kama mnayo. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini barua hiyo hupunguza maswali pale dirishani.

Mwisho, siri za nyumba. Yetu ilisomeka hivi: "Kikombe cha bluu ni cha mkubwa. Usimpe mdogo, hata akilia. Taa ya korido iwake. Akiuliza mama yuko wapi, mwambie ukweli. Sungura wa kitambaa yuko chini ya mto wa kulia. Asipokuwepo, yuko ndani ya buti." Shemeji alisema mstari wa sungura ndio uliomwokoa.

9. Nanyonyesha. Naweza kwenda?

Unaweza, kama una akiba ya maziwa na mtoto ameshazoea kuyanywa kwa chupa au kikombe kutoka kwa mtu mwingine. Mjaribuni mapema, wapo wanaokataa chupa mikononi mwa mama na kuipokea vizuri kwa baba au bibi.

Hesabu za kuhifadhi: maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 kwenye friji, na kwenye friza ubora wake ni mzuri hadi miezi 6 hivi. Yaliyoyeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yakibaki kwenye chupa mtoto akishanywa, baada ya saa 2 yamwagwe, ingawa najua yanavyouma kumwaga. Yapashwe kwa kuiweka chupa ndani ya maji ya moto. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza katikati ya maziwa yanayoonekana vuguvugu.

Upande wako, kamua karibu kila saa 3 au 4, au nyakati mtoto anazonyonya, la sivyo saa kumi alfajiri utaamshwa na matiti magumu kama mawe na starehe yote itageuka homa. Ulizeni hoteli kama chumba kina friji yenye baridi ya kweli. Nyingi za vyumbani hupoza soda tu, ila mapokezi huweza kukuwekea maziwa jikoni kwao. Beba na mfuko wa barafu.

Ukinywa glasi moja ya pombe, subiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha au kukamua ya kumpa mtoto. Kukamua na kumwaga hakuitoi pombe haraka. Inatoka kwenye maziwa kadiri inavyotoka kwenye damu.

Moja zaidi linalohusu kunyonyesha liko kwenye swali la 19, usilipite.

10. Tutoroke wakati amelala ili asilie?

Msitoroke. Atakayeamka na kuona hampo hatajua mmeenda lini wala kama mtarudi, na wiki nzima itakayofuata hatakuacha uende hata chooni. Muageni akiwa macho, kwa maneno mafupi, na mumwambie mtarudi lini kwa kipimo anachokielewa: "Ukishalala, ukaamka, ukanywa uji, ukacheza, mama na baba watakuja." Kisha ondokeni kweli. Kurudi mlangoni mara tatu kumkumbatia tena ni kumwambia kwamba kuna la kuogopa.

11. Tupige simu mara ngapi?

Mara moja jioni, kabla ya shughuli za kulala kuanza. Ukipiga akiwa kitandani, umemwamshia kilio alichokuwa amekisahau. Simu ya video kwa wadogo mara nyingi huzidisha. Kwa mlezi, mkubaliane kwamba ukimya maana yake ni salama, naye akipiga nyinyi mnapokea papo hapo. Simu moja kati ya zenu iwe na sauti usiku kucha, nyingine izimwe.

## Hoteli na pesa

12. Hoteli ya eneo gani?

Ile iliyo umbali wa miguu kutoka mnapotaka kula usiku. Mengine ni mapambo.

Kuna ujanja mmoja. Hoteli za maeneo ya maofisi hujaa wafanyabiashara katikati ya wiki, kisha Ijumaa hadi Jumapili hubaki na vyumba vitupu, na bei nyingi hushuka. Katika miji ya starehe ni kinyume: wikendi ndiyo ghali, Jumanne ndiyo rahisi. Jueni mji wenu ni wa aina gani kabla ya kuchagua siku. Kama hamtaki kusikia mtoto hata wa mwenzenu kwenye bwawa, zipo hoteli zinazopokea watu wazima tu, na huandika hivyo wazi.

13. Tuulize nini kabla ya kulipa?

Kwanza, kitanda. Sema kwa maneno haya: kitanda kimoja kikubwa. Mwaka mmoja hoteli tuliyokuwa tumelipia ilitupa vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja na kufunikwa shuka moja, imetandikwa hadi huoni kitu. Saa tisa usiku vikaachana kimya kimya, na mume wangu akazama katikati hadi kiunoni. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini mgongo wake haukucheka kwa siku tatu.

Pili, kelele. Omba chumba cha juu, mbali na lifti, kisichotazama barabara. Na uliza kama Jumamosi hiyo kuna harusi kwenye ukumbi wao. Inaonekana ni jambo la kupendeza kulala juu ya harusi ya watu siku ya kumbukumbu ya yenu, hadi spika zinapoanza.

Tatu, pesa. Bei ina kodi na kifungua kinywa? Bei isiyorudishwa ni nafuu, lakini wenye watoto wadogo huilipia kwa machozi, kwa hiyo tafuta ile inayoruhusu kughairi hadi siku moja au mbili kabla (sababu iko swali la 21). Hoteli nyingi pia huzuia amana kwenye kadi mnapoingia. Kwenye kadi ya mkopo hutaiona sana. Kwenye kadi ya benki ya kawaida ni pesa yako halisi imefungwa, na kuachiwa kwake huweza kuchukua siku kadhaa. Usipange kulipia chakula cha jioni kwa pesa hiyo hiyo.

14. Tuwaambie kwamba ni kumbukumbu ya ndoa?

Waambieni mnapobuki, si mnapofika. Wengine huongeza chumba kizuri zaidi kama kipo wazi, au keki ndogo, au kadi yenye majina yaliyokosewa. Wengine hawafanyi chochote, na hawana deni. Kinachosaidia zaidi ni kuomba kuingia mapema na kutoka kwa kuchelewa. Kwa kawaida chumba hupatikana saa nane au tisa alasiri na hudaiwa saa tano au sita mchana kesho yake, kwa hiyo saa mbili zikiongezwa kila upande zina thamani kuliko maua kitandani.

15. Hatuna pesa ya hoteli mwaka huu.

Basi wahamisheni watoto, nyinyi mbaki. Walale kwa bibi au kwa rafiki mtakayemlipa kwa kulea wa kwake mwezi ujao, na nyumba yenu iwe hoteli. Sharti ni moja na ni gumu: hakuna kufua, kupanga kabati wala kukarabati bomba. Tokeni nje kabla ya jioni, mtembee mjini, mle, mrudi usiku kama wageni. Hoteli nyingine hukodisha chumba kwa saa za mchana tu kwa bei ya chini ya usiku mzima, na kwa wazazi waliokosa mlezi wa usiku hiyo ni njia nzuri kuliko inavyosikika.

## Mkishafika

16. Tupange ratiba?

Pangeni kitu kimoja, mlipie mapema: meza ya chakula, tamasha, au masaji. Vilivyobaki viacheni. Ratiba ya saa kwa saa ndiyo mliyoikimbia nyumbani. Angalieni tu siku za kufungwa, maana makumbusho mengi na kumbi nyingi za maigizo hupumzika Jumatatu, na mtasimama mbele ya geti mkisoma kibao.

Saa mbili za kwanza ni ngeni, mjiandae. Mwaka wetu wa kwanza tuliingia chumbani, tukavua viatu polepole, tukafunga mlango kwa kuubana na kitasa usilie. Tukapanga nani aoge kwanza, wapi tule, yote kwa sauti ya chini. Nusu saa ilipita ndipo mume wangu akaniuliza, "Kwani tunanong'ona kwa nini?" Hakukuwa na mtu wa kuamka. Alilisema hilo kwa sauti yake kamili, na nilishtuka jinsi nilivyokuwa sijaisikia chumbani kwa muda mrefu.

17. Tunaishia kuongea kuhusu watoto tu. Tufanyeje?

Ongeeni. Sheria ya "hakuna kutaja watoto mezani" nimeona ikiwaacha watu wawili wakitazama menyu. Wapeni watoto dakika za supu, mcheke na mlalamike, kisha mmoja aulize swali ambalo halina jibu la ndiyo au hapana kuhusu mwenzake: ni nini kazini kimekuchosha mwaka huu ambacho hukuniambia kwa sababu nilikuwa nabadilisha nepi? Mambo ya ada, mikopo na nani atampeleka nani wapi yabaki nyumbani. Hayo yana siku zote nyingine za mwaka.

18. Tulilala saa tatu usiku, tukaamka saa nne asubuhi. Tumepoteza pesa?

Hapana. Mmenunua kilichokuwa kimekosekana.

19. Na faragha? Tunahisi kama kuna mtihani.

Mtihani huo mmeutunga wenyewe, na mnaweza kuufuta kwa sentensi moja mkiwa njiani: leo tukichoka, tumechoka. Wanaoambiana hivyo kabla ya kufika hupumua. Ushauri wa vitendo: alasiri, mara mkiingia, ni bora kuliko usiku wa manane baada ya kula sana.

Na kama hampangi mtoto mwingine, vidonge au kondomu viingie begini kabla ya mswaki. Kwa anayetegemea kunyonyesha kama uzazi wa mpango, njia hiyo hufanya kazi tu mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Ukikaa saa nyingi bila kunyonyesha, kinga hulegea, na kukamua hakuhesabiwi sawa. Mkiteleza, dawa ya dharura hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, na kwa vyovyote isipite siku 5.

20. Zawadi?

Safari ndiyo zawadi. Ukitaka kuongeza, barua ya mkono, ukurasa mmoja, isomwe hapo hapo.

## Kona ngumu

21. Mtoto ameamka na homa asubuhi ya safari. Tughairi?

Aliye chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 au zaidi aende hospitali mara moja, na safari imekufa bila mjadala. Mkubwa kuliko hapo mtazameni mwenyewe kuliko kipimajoto: anakunywa, anakojoa, anacheza homa ikishuka? Mafua ya kawaida kwa mlezi mwenye uzoefu yanaweza kubebeka. Kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, kulegea au kusinzia kusiko kwa kawaida, hapana, na hospitali isisubiri.

Mkighairi, chagueni tarehe mpya siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. "Tutaangalia baadaye" yetu iliwahi kuchukua miezi kumi na moja.

22. Mwenzangu hataki kuwaacha kabisa.

Muulize anaogopa nini hasa, umwache amalize. Ikiwa ni mlezi, badilisheni mlezi. Ikiwa ni usiku, anzeni na mchana. Ikiwa ni umri, swali la 6 lina njia ya kujaribu. Usibuki kwa siri ukamshtukiza. Anayeogopa kuacha watoto hafurahii kutolewa nyumbani kwa mshtuko, na utakula chakula cha bei mbele ya mtu anayetazama simu.

23. Tuko kwenye kipindi kigumu. Safari itatusaidia?

Kama kigumu ni uchovu, ndiyo, sana. Kama kuna jeraha, yaani uongo, pesa zilizofichwa au mtu wa tatu, chumba cha hoteli ni kidogo mno kwa mazungumzo hayo, na hakuna pa kwenda saa sita usiku. Mtafuteni kwanza mshauri au mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Na kama nyumbani kuna kupigwa au kutishwa, usiende naye peke yako mahali popote. Zungumza na mtu wa nje unayemwamini.

24. Mtoto wetu ana ugonjwa wa kudumu au mahitaji maalumu.

Ukurasa wa swali la 8 hautoshi. Mlezi aone mnavyofanya, kisha afanye mbele yenu, zaidi ya siku moja: kifaa cha pumu, sindano ya insulini, namna ya kumgeuza upande akipata degedege bila kumtia kitu mdomoni. Dawa ziwe za kutosha siku mbili zaidi ya safari. Hoteli iwe ya karibu kuliko ya kila mtu mwingine. Wazazi wa namna hii ndio wanaohitaji zaidi usiku huo na ndio wanaoupata kwa taabu, kwa hiyo hata saa sita za mchana zihesabuni.

25. Hii ni ndoa ya pili, na kuna watoto wa kwanza wanaoishi kwa zamu.

Tumieni zamu. Wikendi wakiwa kwa mzazi mwingine, nusu ya kazi imekwisha. Msiombe kubadilishana zamu kwa sababu ya kumbukumbu ya ndoa yenu mpya ikiwa kidonda upande wa pili bado kibichi. Swali la 3 limeshasema tarehe si lazima.

26. Tulirudi na mdogo akakataa hata kututazama.

Hutokea, hasa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na huuma. Ametunza hasira yake kwa watu anaojua hawatamwacha kwa sababu ya hasira. Usimlazimishe kumbatio wala usimnunue kwa pipi. Kaa sakafuni karibu naye, mshukuru mlezi kwa sauti anayoisikia, uulize walikula nini, ufungue begi lako taratibu.

Wetu alikaa amegeuza mgongo kama dakika kumi. Kisha akaja nyuma nyuma, bila kugeuka, akaketi mapajani kwangu, na akaanza kunieleza kwamba baba mdogo hajui kukunja shuka ya sungura.